Nathi kwenye ndoo: kukuza gusiberi kutoka mbegu hapa Nairobi

Wengi mjini wanaijua kwa jina la dukani, gusiberi: tunda la rangi ya chungwa, kubwa kama gololi, lililofunikwa ganda jembamba linalochakarika kama karatasi. Waliokulia upande wa Kiambu, Limuru au Nyandarua wanaiita nathi, na wameichuma kando ya njia bila kulipa hata ndururu. Waganda huiita ntuntunu. Ni jamaa ya nyanya, managu, kiazi, biringanya na pilipili, na asili yake ni milima ya Andes kule Amerika Kusini. Hapa chini tunda tutaliita nathi, na mmea wake mnathi.

Jambo moja lijulikane kabla ya kugusa udongo: mnathi huharibika kwa shibe kuliko kwa njaa. Ukiujazia samadi kama unavyojazia sukuma wiki, utapata kichaka cha kijani kinachofika begani, na matunda ya kuhesabu kwa vidole. Ukiumwagilia asubuhi na jioni kwa mazoea tu, mizizi itaoza ndani ya ndoo, majani yatanyauka, nawe utadhani una kiu na kuongeza maji. Makosa mengi tunayoyaonya kwenye mwongozo huu ni matawi ya hilo moja.

Mrefu na mfupi

Mbegu nyingi utakazopata Nairobi ni za mnathi mrefu, Physalis peruviana. Unafika mita 1 hadi 1.5, na ukiegemezwa vizuri hupita hapo. Kwa kuwa hatuna barafu, huishi miaka miwili au mitatu. Una ndugu mfupi kutoka Amerika Kaskazini, anayetanuka kando badala ya kwenda juu, sentimita 45 hadi 60 hivi. Matunda yake ni madogo, ya manjano, nayo hujiangusha yenyewe yakikaribia kuiva. Pakiti ya mbegu iliyoandikwa Aunt Molly's ni ya huyo mfupi. Hutosheka na chombo cha lita 10 hadi 15 na huzaa mapema, lakini ni wa msimu mmoja tu. Hatua za hapa zinafaa wote wawili, isipokuwa mfupi hahitaji nguzo.

Kalenda hutegemea roshani yako inatazama wapi

Mnathi unataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku. Ukipata manne utakua lakini utazaa kwa uvivu, na matunda yatakuwa machachu. Kwa mwenye shamba dogo nyuma ya nyumba hili si tatizo. Kwa mwenye fleti ndilo tatizo lenyewe, na watu hulikosea kwa sababu hawajawahi kutazama jua linapita wapi.

Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na kitu. Kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba hadi katikati ya Machi, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini wa jengo. Kuanzia katikati ya Machi hadi Septemba linahamia kaskazini. Kwa hiyo roshani inayotazama kusini hupata jua zuri miezi ya Oktoba hadi Februari, halafu inabaki kivulini karibu nusu mwaka. Inayotazama kaskazini ni kinyume chake. Za mashariki na magharibi hupata nusu siku mwaka mzima, na hizo ndizo rahisi zaidi, bora pasiwe na ghorofa jingine limesimama mbele.

Kwa roshani ya kusini, na pia kwa bustani ya kawaida, otesha mbegu mwisho wa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Miche itahamishwa mwishoni mwa Septemba au Oktoba mvua za vuli zikikaribia, maua yatatoka Novemba, na kuvuna kutaanza kati ya mwisho wa Januari na Machi. Huu ndio msimu tunaoupendekeza: matunda yanaiva miezi ya joto na jua kali, na utamu wa nathi unatokana na jua. Kwa roshani ya kaskazini, otesha katikati ya Januari, hamisha katikati ya Machi. Tarajia mambo mawili: mvua za masika zitaikuta miche ikiwa midogo, na matunda yatakuwa yakijaza tumbo Juni na Julai, wakati mawingu hayaondoki na usiku ni baridi. Yataiva, ila taratibu, na baadhi yatabaki na uchachu. Roshani ya mashariki au magharibi inakubali msimu wowote, lakini ukiwa na hiari, chagua Agosti.

Kutoa mbegu kwenye tunda

Huna haja ya kuagiza mbegu mbali. Nunua nathi zilizoiva kwenye duka kubwa au kwa muuza matunda sokoni. Ua la mnathi hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mche wa mbegu hizo kwa kawaida hufuata mama yake. Chagua matunda matatu au manne makubwa, ya rangi ya chungwa iliyokolea, bila ufa. Tunda moja lina mbegu zaidi ya mia. Hizo za matatu zitakutosha wewe na majirani wa ghorofa nzima.

1. Menya ganda, ponda matunda kwa uma ndani ya glasi, kisha ongeza maji hadi nusu ya glasi.
2. Funika kwa kitambaa, acha palipo na joto kwa siku moja na nusu hadi mbili. Juu patatokea povu jembamba na harufu ya togwa changa. Uchachu huo huondoa ute unaozunguka mbegu. Usipitishe siku tatu, mbegu zinaweza kuanza kuota humo humo.
3. Jaza maji glasi nzima, koroga, tulia sekunde chache. Mbegu nzima huzama. Nyama, ngozi na mbegu pukupuku huelea. Mwaga vya juu. Rudia mara tatu au nne hadi maji yatulie meupe.
4. Chuja kwa kichujio cha chai, tandaza kwenye sahani ya udongo au ya kioo. Usitumie karatasi ya tishu: mbegu hugandamana nayo, na kuzibandua ni kazi ya siku nzima. Kausha kivulini siku nne au tano, ukizivuruga kwa kidole kila siku.

Zikikauka vizuri huteleza kwenye sahani kama ufuta. Tia kwenye bahasha na uandike tarehe.

Tahadhari moja kwa anayechuma mbegu kwenye kiwanja au kando ya barabara. Kuna gugu linaloota sana nyanda zetu za juu lenye ganda linalofanana na la nathi. Tazama ua. La mnathi ni la manjano, na ndani lina madoa ya kahawia iliyoelekea zambarau; la gugu lile ni la samawati. Tunda lake likikomaa ni kavu, la kahawia, si la majimaji. Liache. Na mmea wowote usiouona ua lake, usiule wala usiuoteshe.

Kitalu

Changanya sehemu moja ya udongo mwekundu uliochekechwa, moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa na kuchekechwa, na moja ya mchanga wa mto. Samadi iliyooza hunuka udongo. Ikinuka zizi, bado. Beseni la lita 5 linatosha. Weka mchanganyiko kwenye beseni lililotobolewa, mwagia birika mbili za maji yanayochemka, acha uchuje na kupoa hadi jioni. Dakika hizo chache huua vimelea vinavyooza shingo za miche, ambavyo ndivyo huwamalizia watu kitalu kizima wiki ya tatu.

Chombo cha kuoteshea kiwe na kina cha sentimita 5 hadi 8: sahani ya plastiki ya keki, vikombe vya yogati, au nusu ya jerikeni ya lita 5 iliyokatwa kwa ubavu. Toboa chini. Trei ya mayai ya karatasi tunaiona inasifiwa sana, lakini hunyonya maji na kukauka upesi mno. Itakulazimu kunyunyiza mara tatu kwa siku.

Mbegu za nathi ni ndogo kama za managu, na ukizimwaga kwa vidole zitaanguka rundo moja. Changanya nusu kijiko cha chai cha mbegu na vijiko vitatu vikubwa vya mchanga mkavu, kisha nyunyiza kama unavyotia chumvi. Funika kwa udongo wa milimita 3 hivi, usizidi nusu sentimita. Gandamiza kidogo kwa kiganja. Usimwagie maji juu. Keti chombo ndani ya karai lenye maji ya kina cha vidole viwili, acha kinyonye kutoka chini hadi uso wa udongo ugeuke rangi, kisha kitoe. Funika kwa plastiki inayopitisha mwanga.

Sasa joto. Agosti usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 au chini, na mbegu ya nathi hupenda 20 hadi 25. Juu ya friji, kwa nyuma, pana joto kidogo mchana na usiku. Weka hapo. Mbegu zitaota kati ya siku ya 10 na ya 20. Siku utakapoona vichwa vya kijani vya kwanza, hata vikiwa vitatu tu, ondoa plastiki na hamishia chombo dirishani penye mwanga mwingi siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili miche hurefuka kama uzi wa kushonea na kulala, na haitanyooka tena.

Mche ukianguka ghafla, ukatazama pale unapokutana na udongo ukakuta umebana na kugeuka rangi ya chai, huko ndiko kuoza kwa shingo. Hautapona. Toa ulioanguka na miwili mitatu ya jirani pamoja na udongo wake, acha uso ukauke, fungua dirisha hewa ipite, na kuanzia hapo maji yaingie kwa kunyonywa tu.

Majani mawili ya kwanza ni membamba, usihesabu hayo. Yanayofuata yana umbo la moyo na manyoya laini kama kitambaa cha mahameli. Yakifika mawili ya namna hiyo, toa kila mche kwa kijiti cha meno, ushike jani na si shina, uuhamishie kwenye pakiti ya maziwa ya nusu lita iliyokatwa juu na kutobolewa chini. Uzamishe hadi karibu na majani. Shina la mnathi hutoa mizizi likifukiwa, sawa na la nyanya.

Ndoo, gunia au ardhi

Mnathi mrefu mmoja unahitaji lita 20 za udongo, na usiupunguzie. Ndoo ya rangi inatosha ikisuguliwa vizuri. Ndoo ya rangi ya mafuta iache. Jerikeni la lita 20 likatwe juu. Toboa matundu manane ya unene wa penseli, manne chini na manne ubavuni sentimita 2 kutoka chini, ili hata ndoo ikikaa bapa kwenye sakafu maji yapate pa kutokea. Watu husahau hayo ya ubavuni. Inua ndoo juu ya vipande viwili vya matofali na weka sinia chini, la sivyo jirani wa chini atakutembelea.

Gunia la kilo 90 linabeba minathi miwili likijazwa nusu na kukunjwa mdomo. Gunia hupumua, haliozeshi mizizi kwa maji yaliyotuama, lakini hukauka haraka zaidi ya ndoo, na jua huliozesha likachanika baada ya msimu mmoja au miwili.

Udongo wa kujazia: sehemu mbili udongo mwekundu, moja samadi iliyooza, moja mchanga wa mto au kokoto laini. Samadi isizidi robo. Ya kuku iwe imekaa miezi mitatu, na itie nusu ya kipimo hicho, maana ni kali. Udongo mwekundu wa Kabete, Dagoretti na Karen hushikilia fosforasi mmea usiipate, na bila fosforasi maua ni haba. Kwa hiyo changanya kifuniko kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi, katika nusu ya chini ya ndoo, kisiguse mizizi moja kwa moja. Asiyetaka mbolea ya dukani atie viganja viwili vya unga wa mifupa.

Wanaopanda ardhini Embakasi, Syokimau au Kitengela wana udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kugeuka ugali masika. Humo mnathi hauchukui mwaka. Inua tuta la sentimita 30 au tumia gunia. Kwenye udongo mwekundu chimba shimo la sentimita 30 kila upande, rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na koleo moja la samadi na vifuniko viwili vya DAP. Kati ya mmea na mmea acha mita 1. Ukiubana, hewa haitapita na ukungu utaingia.

Usipande mahali palipotoka nyanya, viazi, biringanya au managu ndani ya miaka miwili iliyopita, wala usitumie udongo wa ndoo zake. Ni ukoo mmoja, na magonjwa yao ni mamoja.

Kuhamisha

Mche uwe na majani manne hadi sita ya kweli na urefu wa sentimita 12 hadi 15, kwa kawaida wiki ya sita hadi ya nane. Kabla ya hapo uzoeshe jua: siku ya kwanza saa moja nje, kisha ongeza saa moja au mbili kila siku kwa wiki nzima. Mche uliotolewa dirishani ukapigwa na jua la saa saba mchana siku ya kwanza huungua majani yakawa meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Panda jioni. Kata pakiti ya maziwa kwa mkasi badala ya kuvuta mche. Fukia shina hadi jani la kwanza. Kwenye bustani, viringisha shina kwa kipande cha karatasi ngumu chenye kimo cha sentimita 6, nusu yake ikiwa ndani ya udongo: hicho ni kinga dhidi ya sota, yule kiwavi mnene wa kijivu anayekata mche usiku na kuuacha umelala hapo hapo. Ukikuta mche umekatwa asubuhi, fukua udongo sentimita chache kuuzunguka. Utamkuta amejikunja kama sarafu. Mponde.

Simamisha nguzo siku hiyo hiyo ya kupanda. Ufito au mwanzi wa mita 1.5, uzame hadi chini ya ndoo. Ukisubiri hadi mmea uanguke, utakata mizizi ukiuchomeka.

Kukata na kufunga

Mmea ukifika sentimita 30, kata kilele juu ya jani la tano au la sita. Matawi yatatoka pembeni. Bakiza matatu au manne yenye nguvu, ondoa yale yaliyo chini ya sentimita 15 kutoka udongoni. Yafunge kwenye nguzo kwa kamba ya katani yenye kitanzi cha namba nane, legevu, kwa kuwa shina litanenepa. Baada ya hapo usikate sana. Ua hutokea pale tawi linapogawanyika, kwa hiyo kila tawi unalokata kwa hamu ya kusafisha ni matunda unayotupa.

Maji, na mgao wake

Kidole ndicho kipimo. Kichomeke hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yachuruzike kwenye matundu ya chini, kisha acha. Mche mdogo hutaka hivyo kila siku ya pili au ya tatu. Mmea wenye matunda mwezi wa Februari, ndani ya ndoo ya lita 20, unaweza kunywa lita 1 na nusu hadi 2 kwa siku. Mwagilia asubuhi, udongoni, usiloweshe majani.

Kwa kuwa mfereji hauna maji kila siku, tandaza nyasi kavu au majani makavu unene wa sentimita 5 juu ya udongo, yasiguse shina. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya sabuni ya kufulia yasiingie. Kibaya kuliko kiu ni kiu inayofuatwa na gharika: ndoo ikikauka siku tatu halafu ikajazwa, matunda hupasuka ndani ya ganda, na usipofungua hutajua hadi sisimizi wakuonyeshe.

Mbolea baada ya kupanda ni kidogo. Matunda ya kwanza yakishika, tia kiganja kimoja cha samadi iliyooza na nusu kiganja cha jivu la kuni, rudia kila wiki ya sita. CAN na urea, mbolea za kukuza majani, usitumie kabisa kwenye ndoo. Majani yakiwa makubwa kama kiganja cha mtu mzima, ya kijani kizito, na hakuna ua, acha kila kitu isipokuwa maji kwa mwezi mzima.

Maua yanayodondoka

Ua huchavuka kwa kutikiswa. Bustanini upepo na nyuki hufanya kazi hiyo. Kwenye roshani iliyozibwa kwa vioo hakuna wa kuifanya, na utaona maua yakianguka na kikonyo chake. Gonga nguzo kwa kidole mara nne au tano kila siku kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati chavua ni kavu. Kama bado yanaanguka, chunguza kwa mpangilio huu: jua ni chache, ndoo ilikauka, au samadi ilizidi.

Ganda hukua kabla ya tunda. Wiki chache baada ya ua kuanguka litakuwa limefikia ukubwa wake wote, la kijani, na ukilibonyeza ni hewa tupu ikiwa na kitunda kidogo kama dengu. Si ugonjwa. Tunda litajaa humo polepole.

Maradhi na wadudu

Wa kuogopwa zaidi ni mnyauko wa bakteria. Mmea mzima hunyauka ukiwa bado kijani, mchana wa kwanza huinuka jioni, wa pili hauinuki. Uhakikishe hivi: kata kipande cha shina la chini, kitumbukize wima kwenye glasi ya maji safi, tulia dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni wenyewe. Hakuna dawa. Ng'oa, choma, udongo wa ndoo hiyo usirudi kwenye mmea wowote wa ukoo wa nyanya, na osha kisu kwa jiki. Maji yakibaki safi, basi ni mizizi iliyooza kwa kumwagiliwa mno. Fungua matundu na upunguze.

Michirizi na mabaka yanayoangaza kwenye jani, kama pameliwa ndani na kuachwa ngozi mbili, ni kazi ya Tuta absoluta, kiwavi aliyeingia Kenya mwaka 2014 na kutesa wakulima wa nyanya. Kwenye ndoo mbili tatu huhitaji sumu: chuma kila jani lenye baka, lifunge kwenye mfuko na ulitupe, usiliweke kwenye mboji.

Januari na Februari, roshani ikiwa kavu na ya moto, huja utitiri mwekundu. Majani hupata vidoti vya manjano na utando mwembamba chini yake. Nyunyiza maji kwa nguvu upande wa chini siku tatu mfululizo, asubuhi mapema ili majani yakauke. Vidukari na nzi weupe waondolewe kwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji, jioni, chini ya majani. Jaribu kwanza kwenye jani moja.

Masika huleta baka kubwa la kahawia lililolowa, lenye ukungu mweupe chini yake asubuhi. Ni ule ule ugonjwa unaokausha viazi. Ondoa majani yaliyopatwa, sogeza ndoo chini ya paa, na kama hali imeshika, dawa ya shaba ya agroveti, kwa kipimo cha lebo na kwa kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Wavuta sigara waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika mmea. Tumbaku ni jamaa yake pia na virusi vyake huhama kwa vidole.

Ndege ni suala la bustani. Kuzumburu, yule wa mkia mrefu, hujifunza upesi kilichomo ndani ya ganda. Wavu wa tundu dogo juu ya mmea hutosha.

Kuvuna

Hesabu siku 70 hadi 80 tangu ua, na zaidi kidogo wakati wa baridi. Usitazame ukubwa, tazama ganda: kutoka kijani linageuka manjano, kisha rangi ya majani makavu. Ndipo tikisa tawi kidogo, zinazoanguka zimeiva. Kila siku ya pili au ya tatu okota za chini. Fungua moja: ngozi iwe ya chungwa pande zote, bila ukijani karibu na kikonyo. Nathi mbichi, majani na shina vina sumu inayoumiza tumbo na kutapisha, kwa hiyo watoto wafundishwe kula zilizoanguka na kugeuka rangi tu. Ganda haliliwi. Ngozi ina unato kidogo, unaoondoka kwa kuoshwa kwa maji vuguvugu.

Mnathi wa ardhini uliotunzwa unaweza kutoa matunda 300. Wa kwenye ndoo tarajia nusu ya hapo au pungufu.

Usizimenye hadi siku ya kula. Zikiwa na maganda makavu, zikitandazwa safu moja kwenye kikapu mahali penye hewa, hukaa wiki tatu hivi. Kilichochumwa baada ya mvua kikaushwe ganda kwanza. Chombo cha plastiki chenye kifuniko ni kaburi lake: ndani ya siku tano ni ukungu.

Mavuno ya kwanza yakipungua, kama Aprili, kata mmea mzima hadi sentimita 30 au 40 juu ya udongo. Kwangua sentimita 5 za udongo wa juu, weka mpya uliochanganywa na samadi kidogo, na subiri. Utachipua ndani ya wiki tatu na kuzaa tena, ingawa matunda ya mwaka wa pili huwa madogo. Wa tatu haufai nafasi ya ndoo.

Ndiyo maana mbegu zitolewe msimu wa kwanza. Mmea unaozaa matunda makubwa na matamu ufunge uzi mwekundu mapema, acha matunda manne yaanguke yenyewe, kisha rudi kwenye glasi na uma.